Sauti Sol, Msirudi Mikono Mitupu

Kila wikendi lazima mtu aulize: Sauti Sol watarudi lini? Mimi nasema, waacheni kwanza.

Nawapenda hao vijana tangu Mwanzo, albamu yao ya 2008. Lakini 2023 walizunguka Ulaya na Marekani wakituaga, wakaja kumalizia Nairobi. Wenyewe waliita mapumziko. Sawa, ila tikiti tulizilipia kama kwaheri, na tulilia kama waliofiwa. Wakirudi kesho na nyimbo zilezile, watakuwa wametuchangisha matanga yasiyo na maiti.

Mtaniambia bendi hurudi. Kweli. Orchestra Baobab ya Dakar ilivunjika 1987, ikarudi 2001, na 2002 ikatoa albamu. Hao walirudi kazini, hawakuja kuokota makofi ya zamani.

Tuseme ukweli jamani: Bien, Savara, Chimano na Polycarp wapo, na kila mmoja anafanya muziki wake. Tunachodai sisi ni ujana wetu, na huo hakuna promota wa kuurudisha.

Wakija na nyimbo mpya, mtanikuta wa kwanza getini. Za zamani? Simu yangu inazo tayari.