Kaunti itujibu kuhusu uwanja wa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi niulize maswali ambayo wakazi wa mtaa wetu wameyafikisha kwa kaunti bila kujibiwa. Uwanja uliotengewa watoto umezungushiwa mabati. Nani aliidhinisha ujenzi unaoendelea humo? Hatimiliki iko kwa jina la nani? Na taa na choo cha umma tulivyoahidiwa viko wapi?

Kuuliza si uchochezi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Kutunyamazia ni kukiuka sheria.

Mwaka wa 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alianza kwa kuandika barua. Alikejeliwa bungeni, lakini mradi ukaachwa na bustani ingalipo.

Wakazi wenzangu, tuandike maombi, tutunze nakala zilizopigwa mhuri, na tuhudhurie vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti. Naye mwakilishi wadi aitishe baraza, aje na ramani na stakabadhi za uwanja huo. Hadi tutakapojibiwa, ujenzi usimamishwe. Ardhi ya umma ikishanyakuliwa, kuirejesha ni kazi ya miaka na mikaka, na watoto wetu hawasubiri kukua.

Mzazi na mkazi