Roboti ya Tiba Imtii Nani?

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huu unawafaa sana waundaji wa roboti za tiba. Mwanaprogramu huijua mashine, lakini hamjui mtoto atakayeketishwa mbele yake. Anayemjua ni mwalimu na mtaalamu wa tiba.

Chukua mfano wa Kaspar, roboti iliyoanza kuundwa mwaka wa 2005 katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kwa ajili ya watoto wenye usonji. Kimo chake ni cha mtoto mdogo, na uso wake umefanywa sahili kimakusudi, maana nyuso za watu hubadilika mno na kuwatatiza wengi wa watoto hao. Ikiguswa kwa nguvu, hulalamika kuwa imeumizwa. Mtoto naye hujifunza upole. Lakini mtoto mmoja huogopa sauti, na mwingine hutaka jambo lirudiwe mara kumi. Je, mwalimu amsubiri mwanaprogramu kila mara? La hasha! Kaspar ilipewa vitufe ambavyo mwalimu huvibonyeza mwenyewe. NAO nayo, roboti iliyobuniwa Ufaransa, ilikuwa na programu ya Choregraphe ambamo mtumiaji huunganisha visanduku vya vitendo kwenye skrini ya tarakilishi, pasi na kuandika msimbo.

Wapo watakaodai kuwa urahisi huu ni hatari: asiye mtaalamu wa mashine aweza kumdhuru mgonjwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, suluhu ni kuiwekea roboti mipaka ya nguvu na mwendo, wala si kumpokonya mlezi usukani.

Wanakiswahili wenzangu, hapa ndipo tunapohitajika. Vitufe na visanduku hivyo vina majina, na kuteua majina ni kazi yetu. Mwaka wa 2004, Jambo OpenOffice, zao la mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kuwa programu za ofisi zaweza kuzungumza Kiswahili. Kitufe kiandikwe “nyamaza” au “tulia”? Roboti iseme “umeniumiza” au “naumia”? Neno moja humlaumu mtoto, jingine humfunza. Mhandisi hawezi kuliamua hilo peke yake.

Tusingoje kualikwa. Roboti isiyoielewa lugha ya mlezi itabaki pambo la kabatini, na mtoto atabaki bila msaada.