PAKANGA YA KWENYE CHUPA SIYO DOZI (Sehemu ya 3)

Mama zangu, jana jioni nilikuwa navuka kwenda Kigamboni. Pale Feri, kabla hujaingia kwenye foleni ya kivuko, kuna kaka ana ndoo imejaa chupa za maji zilizotumika, ndani maji ya kijani. "Pakanga hii mama, malaria inakimbia, mkubwa mdogo wote wanakunywa, elfu tatu tu." Nikamuuliza, mtoto wa kilo kumi anakunywa kiasi gani? "Kifuniko kimoja. Akizidiwa, viwili."

Akizidiwa viwili! Jamani.

Msije mkaniambia nesi anadharau dawa za bibi zetu. Sidharau, na hata wenzangu wa hospitali wanaowacheka akina mama kwa ajili ya majani wananikera sana. Ile dawa ya mseto tunayowapa watoto wenu imetokana na pakanga. Kuna wakulima wa Arusha walioilima kwa ajili ya viwanda vya dawa. Kwinini nayo ilitoka kwenye magome ya mti. Kwa hiyo ugomvi wangu siyo na mmea, ugomvi wangu ni na chupa.

Sikiliza. Mwaka 1971 mama mmoja wa China, Tu Youyou, alikuwa anahangaika na mmea huu. Walipouchemsha, matokeo yakawa hafifu. Akasoma kitabu cha kale cha tiba, akaona mgonjwa aliambiwa aloweke na kukamua, siyo kuchemsha. Akahisi moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na hapo dawa ikatoka. Mwaka uliofuata wakapata fuwele safi, wakaiita artemisinini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Halafu wewe unauziwa iliyotokoswa asubuhi kwenye sufuria na kushinda juani!

Dawa hii haipendi maji, ndiyo maana kiwandani wanatumia kimiminika kingine kuivuta kutoka kwenye majani makavu. Wanachuja, wanakausha, wanasafisha mpaka ibaki fuwele nyeupe, wanapima. Kisha wanaigeuza kuwa artemetha. Kidonge kimoja cha mseto kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapewa kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu. Lumefantrini iko pale kwa sababu artemetha inaua vimelea haraka lakini inatoka mwilini ndani ya saa chache, lazima awepo wa kumalizia kazi.

Kwenye chupa ya Feri nani kapima? Majani ya shamba moja na jingine hayalingani. Na pakanga ya milimani kwetu, ile ya asili, ni ndugu tu wa hiyo ya China. Artemisinini haina, au inayo kidogo mno. Muuzaji mwenyewe hajui kachuma ipi.

Mwezi uliopita, zamu ya usiku, aliletwa mtoto wa miaka miwili. Siku nne pakanga. Siku ya pili homa ilishuka, mama akafurahi, akaongeza vifuniko. Ya nne degedege. Viganja vyeupe kama karatasi. Tukamchoma artesuneti, tukamwekea damu. Asubuhi mama akaniuliza, "Nesi, hiyo sindano imetengenezwa na nini?" Nikamwambia. Akakaa kimya, akasema, "Si ileile niliyokuwa nampa?"

Sikuwa na moyo wa kumjibu pale. Ndiyo nakujibu wewe. Kidogo kidogo kinapunguza vimelea, hakivimalizi, na vinavyobaki vinajifunza. Kagera tayari wameonekana vimelea wanaoanza kuistahimili dawa hii, na nyuma yake hatuna dawa nyingi za akiba.

Najua utaniambia kituoni kuna foleni, na mara nyingine unaambiwa dawa zimeisha. Ni kweli, na inaniuma. Lakini sera inasema mtoto chini ya miaka 5 halipii kwenye kituo cha serikali, dai haki hiyo kwa sauti. Akichemka mwili, achomwe kidole apimwe siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usingoje asubuhi, panda bajaji.

Na dozi ukipewa, mpe na maziwa au uji wenye mafuta kidogo, maana bila mafuta lumefantrini haifyonzwi vizuri. Sehemu ya 4 kesho usiku, nikitoka zamu: mchaichai kwa mtoto wa chini ya miezi 6.