Mafiga Matatu Katika Picha



Juma lililopita jirani yangu, mama mmoja asukaye vikapu, alipita kwangu kuomba kaa la moto. Akaikuta picha niliyoitundika ukutani ipate kukauka. Ina duara la kijani juu ya mchanga mweupe, na katikati vitone vitatu vyeusi. Basi. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, picha hii hujaimaliza. Nyumba iko wapi?"

Nikamwuliza, "Mama, ule mstari mwekundu ulioupinda-pinda katika kikapu chako ni kitu gani?" Akacheka. "Ni pambo tu, Mwalimu. Lakini ukitaka, sema ni kijito." Nikajibu, "Vema. Wewe hukusuka maji wala samaki, umesuka mpindo wake tu. Nami hufanya vivyo hivyo."

Wengi hudhani mchoraji hodari ni yule achoraye kila jani la mti. Kazi hiyo kamera huifanya upesi kuliko mimi. Panda kilima chochote cha Shinyanga wakati wa kiangazi, utazame chini. Utaona mawe makubwa ya kijivu, kisha mchanga mweupe, na bondeni mbuga nyeusi iliyopasuka kwa jua. Nikichora mistari mitatu ya rangi hizo, mkulima hahitaji kuambiwa. Atajua kwamba kwenye mchanga ndipo penye mihogo na karanga, na kule kweusi ndipo penye majaruba ya mpunga. Na tangu mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, watu wamezirudisha ngitili zao na miti imeota tena. Kwa hiyo siku hizi rangi ya kijani nainunua mara nyingi zaidi.

Si mimi niliyebuni njia hii. Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma uchoraji Makerere, kisha London. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 alitumwa Uingereza kuwa Balozi wetu. Huko kote alichora vilima na migomba ya kwao. Watu wake ni wa umbo jepesi. Ukitafuta sura ya mtu mmoja huipati, lakini kazi waifanyayo kwa pamoja waijua mara moja. Picha yake moja, ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imewekwa katika jumba kubwa la sanaa mjini New York. Mcheza kwao hutunzwa.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, nilikuwa kijana mwenye burashi na sifa kidogo. Mkubwa mmoja aliniita nichore ukuta wa duka la kijiji kipya. Nikachora nyumba za bati zilizopangwa mistari, mahindi yaliyojaa, na watu wanaocheka. Nyuma ya ukuta ule ule watu walikuwa wakilala chini ya miti wakingoja kujenga, na mwaka huo chakula kilikuwa haba. Mkubwa alinisifu, nikapewa fedha.

Bibi yangu akaja kuutazama ukuta. Akasema, "Umechora vizuri, mjukuu wangu. Haya, nionyeshe mlango wangu." Sikuwa na la kumjibu. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa majuma matatu nyuma.

Sisemi kwamba yote ya wakati ule yalikuwa mabaya. Shule niliyofundisha miaka mingi ilijengwa kwa sababu watu walikaa karibu. Ningaliweza kuichora shule hiyo, na kumchora na Bibi chini ya mti. Kosa langu ni kwamba nilichora nusu iliyopendeza, nikaificha nusu iliyouma. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na burashi nayo husema.

Jambo hili halijapita. Mwaka jana nilichora Geita. Dhahabu ya huko ilianza kujulikana zamani za Wadachi. Mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Nilichora shimo kwa ngazi za udongo mwekundu, zikizunguka na kushuka. Pembeni nikaweka duara dogo la mchimbaji mdogo, na mkono mtupu ukikoroga zebaki katika karai. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe unausifu mgodi au unaulaumu?" Nikamwonyesha kipande cha buluu kando ya ule mkono: sare ya mtoto wa shule. Dhahabu ile humsomesha, na zebaki ile yaweza kumdhuru baba yake. Nisingeweza kuchora moja bila ya jingine.

Narudi kwa jirani yangu. Nilimweleza ya kuwa zamani kidogo nilikwenda mahali palipokuwa pa Bibi. Nyumba hakuna, lakini ua wa minyaa umeendelea kuota, umezunguka mahali patupu. Katikati nikayakuta mafiga yake. Akaigeukia tena picha. Safari hii hakuuliza nyumba iko wapi. Akanyosha kidole, akavihesabu vile vitone vyeusi: kimoja, viwili, vitatu. Kisha akasema, "Mwalimu, ulichelewa, lakini mlango wake umeuonyesha."

Enyi wazazi, mtoto wenu akichora ukutani kwa mkaa, msimchape kabla ya kumwuliza amechora nini. Mpeni ubao au karatasi, kisha msikilizeni. Huenda ameona jambo ambalo sisi wakubwa tumezoea kulipita.