PRESHA HAINA KELELE: KUJISIKIA POA SIO KUPONA

Wadau, leo tuache kwanza habari za nani kamuacha nani, tuongelee presha.

Huku kwetu Mara, iwe Musoma, Bunda au Butiama, neno presha liko mdomoni kila siku. Ukigombana na mkeo, presha. Ada haijatimia, presha. Ndio maana wengi wanaamini presha ni hasira na mawazo tu, roho ikitulia na yenyewe imeondoka.

Kuna MC mmoja wa maharusi, jina naliweka kapuni. Alipimwa, akakutwa iko juu, akapewa vidonge. Mwezi mmoja tu kaacha, eti kapona maana kichwa hakimuumi. Baadaye kaanguka, mkono na mguu wa kulia vikagoma. Mtaani wakasema karogwa. Jamani, kile ni kiharusi!

Presha kwa watu wengi haiumi kabisa. Kipimo ndicho kinachosema. Ukipimwa siku tofauti ikawa inasoma 140 kwa 90 au zaidi, unayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kuwa karibu nusu ya wenye presha hawajijui. Na kipimo kikisoma vizuri huku unameza dawa, ujue dawa inafanya kazi. Ukiacha, inarudi.

Sasa lile la kunong'onezana vijiweni: wanaume wanaacha dawa wakiogopa nguvu za kiume. Kweli, baadhi ya dawa zinaweza kuleta hiyo shida. Lakini dawa za presha ziko aina nyingi, mwambie daktari akubadilishie. Tena presha isiyotibiwa inaharibu mishipa ya damu, na ya huko huko pia. Sasa hapo umekimbia nini?

Wapo wanaorukisha siku kwa sababu ya hela. Bibi wa kijijini anagawa vidonge vya mwezi mmoja vifike miwili kwa kukosa nauli. Huyo simlaumu, nawalaumu watoto wake wa mjini wanaotuma hela ya vitenge vya sherehe, ya dawa hawaulizi.

Mimi naona tatizo letu kubwa ni usiri. Kumeza kidonge sio aibu. Punguza chumvi, ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na tembea kidogo, ila dawa usiache kimya kimya.

Haya, mzee wako nyumbani kapimwa lini mara ya mwisho? Dondosha maoni yako hapo chini.