Kiti Kitupu Si Mshahara

BARAZANI na Rehema Mshana

Binti wa kaka yangu amepata kazi. Anavaa kofia, anasukuma toroli la chai angani, na makazi yake ni Dubai. Habari ilipoingia kwenye kundi la familia la WhatsApp Jumapili moja usiku, pongezi zilikuwa mbili tu. Ujumbe wa tatu ulitoka kwa mjomba wa Tanga, ambaye hata jina la shirika hakuuliza: "Kwa hiyo sasa tunapanda bure?" Kufika Jumatatu asubuhi walikuwa wameshajipanga watu saba, mmoja wao jirani.

Mimi nilinyamaza. Nilikaa kaunta ya kuandikisha abiria pale uwanja wa Julius Nyerere miaka tisa, kuanzia 2008 hadi 2017, na katika miaka hiyo hilo neno "bure" lilinigharimu pesa, usingizi, na jambo moja ambalo nitalifikia mbele kidogo.

Tiketi ya mfanyakazi hainunui kiti. Inakununulia ruhusa ya kusimama pembeni ya kaunta na mkoba wako, ukiwatazama wenye viti wakipita. Tuliita standbai, na mtu wa standbai hana safari, ana nia ya safari. Kodi na tozo za uwanja unalipa kama mtu mwingine yeyote. Kwenye safari fupi nimeziona zikiipita nauli yenyewe. Ukitaka kupanda shirika lisilo lako kuna mkataba uitwao ZED, ambao mashirika mengi duniani yameuingia, na nauli yake inapimwa kwa umbali: maili kadhaa, bei kadhaa, uwe unakwenda Johannesburg au Muscat. Nafuu kubwa, sikatai. Ila kule unakuwa mgeni wa mgeni. Wanapanda kwanza watu wao, na wake zao, na wazazi wa watu wao, kisha ndipo macho yanawageukia ninyi mliobaki ukutani.

Na hata kwa shirika lako kuna foleni ndani ya foleni. Anayesafiri kikazi hagusiki. Baada yake, kwingine wanatazama nani amefika kaunta mapema, kwingine wanatazama nani ameajiriwa zamani. Kwetu ilikuwa uzee kazini. Niliwahi kukaa geti saa nne nikiwa wa kwanza kwenye orodha, mpaka dakika za mwisho akatokea mzee wa karakana mwenye miaka 28 kazini, anatembea taratibu kama mtu anayekwenda kununua gazeti. Alinisalimia vizuri kabisa. Akapanda.

Mavazi nayo yana sheria. Machi 2017 kule Denver, Marekani, mabinti wawili waliokuwa wanasafiri kwa tiketi za ndugu wa wafanyakazi walizuiwa kupanda ndege ya United kwa sababu walivaa suruali za kubana, na mitandao ikawaka moto. Sisi kaunta tulishangaa watu wanashangaa nini. Kwetu nimeona mtu akirudishwa kwa ajili ya kandambili. Wiki mbili baadaye, pale Chicago, abiria mmoja wa shirika hilohilo aliburutwa na kutolewa ndani ya ndege ili wahudumu wanne wapate viti vya kwenda Louisville. Nikapigiwa simu na nusu ya ukoo: kumbe nyie mnawanyang'anya watu viti? Hapana. Wale wanne walikuwa wanapelekwa kazini, ndege nyingine ilikuwa inawasubiri. Mimi ninayekwenda harusini sina ubavu wa kumwamsha hata mtoto aliyelala kwenye kiti cha watu. Kinyume chake ndicho cha kawaida: umeshakaa, umefunga mkanda, umeshawatumia watu ujumbe kwamba unakuja, anaingia mwenzako wa geti na kukugusa bega. Abiria aliyechelewa amefika. Unanyanyuka, unashuka, na unatabasamu, kwa sababu kununa nako ni kosa.

Sitaki mjomba wa Tanga adhani nalalamika tu. Raha ipo, na nimeionja. Mwaka 2012 nilimpeleka Mama Dubai. Tulifika kaunta na vimikoba vidogo tu, maana mtu wa standbai mwenye akili habebi begi la kupakia: ukibaki wewe na begi limeshaingia tumboni mwa ndege, lazima litafutwe lishushwe, na hapo umewachelewesha watu wote. Wenzangu wakatuita dakika ya mwisho. Viti vilikuwa viwili tu, kimoja nyuma kabisa jirani na choo, kingine mbele, daraja la biashara. Nikamkabidhi Mama pasi ya mbele. Saa tano na kitu angani, mimi nasikiliza maji ya choo, yeye amelazwa kwenye kiti kinachonyooka, amepewa soksi na taulo la moto, ameulizwa mara tatu anataka kula nini. Tulipokutana chini aliniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa: "Kumbe na kule nyuma kuna watu?"

Ilikuwa raha. Kurudi ndiko kulikuwa na mambo. Ilikuwa mwisho wa likizo za shule, ndege zimejaa familia, na sisi tulikwenda uwanjani usiku wa kwanza tukarudi, usiku wa pili tukarudi, wa tatu tukarudi. Hoteli inalipwa, teksi inalipwa, na siku za viza zinahesabika. Usiku wa nne nilinunua tiketi mbili za bei kamili kwenye shirika jingine. Tiketi hizo zilikula mshahara wangu wa mwezi na nusu. Mama alikaa nyuma, akakataa chakula.

Hilo la viza ndilo wasilolijua wanaosoma hadithi za wafanyakazi wa mashirika ya Marekani na Ulaya, wale wanaoamka asubuhi wakatazama ndege ipi ina nafasi, wakaenda kula chakula cha mchana Roma. Hadithi hizo ni za kweli, lakini ni hadithi za pasipoti fulani. Kwa pasipoti yangu, ubalozi unataka kujua tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, na tiketi ya standbai haina tarehe, ina matumaini. Mpaka viza itoke, ndege iliyokuwa na viti imeshajaa. Uhuru wetu wa kupanda ndege ya bure uliishia pale ambapo mtu anaweza kwenda bila kuomba: Nairobi, Entebbe, Kigali, Lusaka. Si haba, lakini si Roma.

Sasa lile jambo.

Bibi mzaa mama, aliyenilea mpaka nikaingia darasa la tatu, alifariki Mwanga, mkoani Kilimanjaro, tarehe 21 Desemba 2013, baada ya magharibi. Mazishi kesho yake baada ya alasiri. Binamu yangu alihangaika usiku ule akapata viti viwili vya basi, vya watu walioahirisha, akanipigia: saa kumi na mbili asubuhi Ubungo, saa nane mchana tuko Mwanga. Nami nilikuwa mtu wa shirika la ndege. Nikamwambia ampe mtu mwingine kile kiti, mimi nitatangulia, nitakuwa KIA saa mbili asubuhi na Mwanga saa nne.

Kila Mtanzania anajua tarehe 22 Desemba ni nini kwenye njia ya Kilimanjaro. Nilijua kuliko wote, mimi ndiye niliyekuwa nawaandikisha kila mwaka, watu waliokata tiketi tangu Septemba kwenda kula sikukuu kwao. Lakini nilisema mmoja hatakosa kuchelewa. Ndege ya kwanza hakuchelewa hata mmoja. Wachaga na Krismasi hawachezi. Ndege ya pili kikabaki kiti kimoja, moyo ukanienda mbio, na kikachukuliwa na fundi aliyekuwa anapelekwa kutengeneza ndege iliyokwama huko. Ni haki yake, ningekuwa mimi kaunta ningempa yeye. Ndege ya tatu ilikuwa ya pangaboi, na ilikuwa na viti viwili vitupu. Viwili! Nikaona mwenzangu anayepiga hesabu za uzito anatikisa kichwa. Watu walikuwa wamebeba Krismasi nzima, michele, televisheni, madumu ya mafuta, yote yamelipiwa uzito wa ziada. Viti vipo, uzito haupo. Abiria huwa hawaamini hilo tukiwaambia, wanaona kiti kwa macho yao. Siku ile nilikuwa mimi ninayekiona.

Saa nane kasoro binamu alipiga simu.

"Tumefika. Wewe umekaa wapi, sikuoni."

"Niko Dar."

Hakusema kitu. Nilisikia kwa nyuma watu wakisoma.

Basi halikuwapo tena la kuondoka saa ile, miaka hiyo mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku. Nilipata ndege tarehe 25, siku ya Krismasi yenyewe, ambayo hakuna anayesafiri. Ilikuwa nusu tupu. Nilipewa dirisha, na mlima ulikuwa wazi wote, mpaka theluji.

Nimelisimulia kwa sababu watu hudhani tatizo la tiketi hizi ni bahati, leo umekosa kesho utapata. Si bahati, ndivyo zilivyoundwa. Kinachogawiwa ni kiti ambacho hakuna aliyekitaka, na sisi watu wa huku tunasafiri kwa sababu zilezile na siku zilezile: msiba, harusi, Idi, Krismasi, shule kufungwa. Siku ninayokihitaji kiti ndiyo siku unayokihitaji wewe, na wewe umelipa. Kwa mujibu wa IATA, mwaka 2024 ndege duniani zilijaa kwa wastani wa asilimia 83.5, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Katikati ya miaka ya 1990 wastani haukufika 70. Ukisoma harakaharaka utasema bado kiti kimoja katika kila sita ni kitupu. Ndiyo, lakini kiko Jumanne ya pili ya Februari. Hakiko tarehe 22 Desemba. Na Afrika, ambako ndege zetu hujaa kidogo kuliko mabara mengine yote, safari nazo ni chache. Ukikosa ya asubuhi, huenda inayofuata ni kesho kutwa.

Ndiyo maana nina neno na maofisa utumishi. Mwaka niliodai nyongeza, aliyekaa mbele yangu alinitolea karatasi yenye mshahara wangu, posho ya zamu, na mstari wa tatu: tiketi za punguzo, zimepigiwa hesabu kwa nauli kamili ya abiria. Kwa karatasi ile nilikuwa mtu tajiri. Nilimuuliza kama mwenye nyumba wangu Tabata atakubali kodi ya miezi sita kwa viti viwili vya kwenda Mwanza, siku haijulikani. Alicheka, akakunja karatasi, nyongeza sikupata.

Kiti ambacho kingeruka kitupu hakiligharimu shirika zaidi ya mafuta ya kubeba kilo zangu 70 na glasi ya juisi. Kukitoa ni ukarimu mzuri na nisingependa ufutwe. Kukiweka kwenye hesabu ya mshahara kwa bei ya dirishani ni kitu kingine. Muuza samaki wa Feri anayewapa vibarua wake samaki waliobaki jioni hawaambii kwamba amewalipa kwa bei ya asubuhi. Vijana wanaoingia kazi hizi, na wa kwetu wanaokwenda Ghuba ni wengi, waulize fedha kwanza: mshahara, nyumba, bima, mkataba wa miaka mingapi. Tiketi waziulize mwisho, kama mtu anayeuliza kama kuna chai.

Na ndugu tusiwamalize. Mfanyakazi ndiye anayebeba lawama za kila aliye kwenye jina lake. Mama mdogo akigomba getini, jirani akijiita shemeji, mtu akimbebesha simu 20 za kuuza Kariakoo kwa tiketi ambayo biashara ni marufuku, anayeitwa ofisini ni yule binti, na kinachokatwa ni tiketi zake zote, pengine na kazi yenyewe. Nimeona wawili wakiondoka kwa mambo ya shemeji.

Hayo nimemwandikia mwanangu, si kwenye kundi, pembeni. Alinijibu vizuri: "Nimekuelewa shangazi. Jirani nimemtoa." Halafu jana akaniandikia tena. Ameangalia ndege za kuja Dar na za kurudi, Jumanne ijayo kuna viti 41 vitupu, na anataka kumwandikisha Bibi yake aje amwone anavyoishi.

Nilimweleza Mama kwa tahadhari zote, kwamba ni viti 41 leo, Jumanne vinaweza kuwa vinne, kwamba asimwambie mtu, afungashe mkoba mmoja. Abiria wengine husema inshallah kwa mazoea. Mama, tangu ule usiku wa nne, huisema kwa hesabu. Aliisema. Akainuka kwenda kupiga pasi kitenge chake cha safari, na alipofika mlangoni akageuka kuuliza kama vyote hivyo 41 ni vya nyuma.