Kizuri Kula na Nduguyo

Safari hii tunatoka kwa DJ mmoja mzee wa hapa mjini, mkusanyaji wa santuri za soul na za Kilatini.

Alitusimulia kwamba zamani, kaskazini mwa Uingereza, katika kumbi kama Wigan Casino (1973–1981), DJ aliyepata santuri adimu alibandika karatasi juu ya lebo, au akaupa wimbo jina la uongo, ili mshindani wake asiutafute. Yeye hufanya kinyume: kila anapopiga, huinua jalada tulione sote.

Akatupigia Celia Cruz na Fania All Stars, kisha James Brown. Akasema wote hao walipiga Kinshasa, tamasha moja, Septemba 1974. Tuliona haya. Wengine wetu wazazi wetu ni wa Kongo, na hatukujua!

Nyumbani kwetu nako ziko santuri za rumba na taarabu, zimefungiwa kabatini. Wanaozijua wanazeeka. Basi mkutano ujao kila mmoja aje na santuri moja, na jina la mwimbaji alilomwuliza bibi au babu.